Boti Iliyojaa

Majuzi nilikwenda Keko kuagiza kochi. Fundi, kijana mwenye penseli sikioni, akaniuliza, "Sista, unataka la watu wangapi?" Swali dogo tu, lakini harufu ya gundi ilikuwa imeshanirudisha utotoni. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nimekulia mtaa huohuo, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Asubuhi tuliamshwa na misumeno, na chai yetu iliingia vumbi la mbao hata uifunike vipi. Baba alikuwa baharia kwenye boti ya mizigo. Safari moja aliniletea mfuko wa matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayopachikana, pamoja na vijitu vyake, ya mtumba, mengine yana alama za meno ya watoto wa watu. Safari iliyofuata hakurudi. Boti yao haikuonekana, wala ubao wake.

Wakubwa walikaa barazani wakingoja simu. Sikuambiwa kitu, lakini nilisikia yote. Nilimsikia jirani akisema kuna nchi zina boti za kuokolea watu, hata wimbi likizipindua zinajiinua zenyewe. Picha ya boti kama hiyo, ya rangi ya chungwa, ilikuwa kwenye kalenda ya zamani ya baba. Nikaibandua ukutani, nikaanza kuunda yangu. Mtoto ana akili zake: niliamini nikiipatia sawasawa, mtu mzima mmoja ataiona, atatengeneza ya kweli, na itamfuata baba.

Siku tatu sikucheza na mtu. Rangi ya chungwa sikuwa nayo, nikapanga nyekundu na njano kwa zamu. Mbele nikapunguza tofali mojamoja mpaka pakachongoka. Nikaweka kibanda chenye paa na viti vinane, kila kiti na kijitu chake cha plastiki. Bahari ni kubwa, niliwaza, waokoaji wawe wengi. Nilipoijaribu kwenye beseni la kufulia, maji yakaingia kwenye maungio. Nikaenda kwa jirani yetu fundi makochi, akanipakia gundi ya kubandikia sponji kila mahali, mpaka miguuni mwa vijitu vyangu. Ilipokauka, ikaelea. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Nikampelekea bibi uani, alikuwa akikuna nazi, nikamwambia hii ndiyo ya kumfuata baba. Akaigeuza taratibu, akaitazama kwa heshima kama kazi ya mtu mzima. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mie naiona imejaa. Sasa baba'ako mtamkalisha wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikakimbia nayo kwa fundi, nikamwomba anitolee mtu mmoja tu. Alijaribu kwa kisu, akajaribu kwa patasi, akaona nalia, akaacha. "Gundi hii haina kurudi nyuma, mwanangu," akasema.

Niliporudi, mikeka ilikuwa imetandikwa nje. Wazee walikuwa wameamua baba aswaliwe bila mwili, na mama aanze eda. Nilimkuta chumbani ameegemea ukuta, kajifunika khanga mpaka machoni. Hakuna aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, na sitakudanganya kwamba nimeacha. Nilikuwa na hakika kwamba wamekata tamaa kwa sababu nimechelewa.

Bibi hayupo tena. Nyumba iliuzwa, sasa pale pana ghala. Yule fundi naye ameshatangulia, na misumeno siku hizi ni ya umeme, inalia mlio mwingine kabisa. Boti ninayo, ipo juu ya kabati kule Chanika ninakoishi na mama, wawili tu. Vijitu vinane bado vimeganda vitini.

"La watu watatu," nilimwambia yule kijana.

Limeletwa jana. Mama hakuuliza kwa nini ni kubwa. Alikaa upande mmoja, nami nikakaa upande wa pili, tukanywa chai.