Kamio Wanayosema Imekufa

Jina la mwenye habari hii tunalificha, na majina ya ndani tumeyabadilisha. Maneno tumeyaacha kama alivyoyasema.

Mi niko kijana wa miaka makumi mbili na tatu, shoferi wa kamio ya mizigo hapa Bwiza. Masomo yangu ni kidogo sana, na kusema mbele ya watu siwezi, naangaliaka tu. Kamio si yangu. Ni ya muzee mumoja aliyeinunua kwa Mubiligi wakati ule wanarudi kwao, na mutoto wake Domitila ndio muchumba wangu. Muzee alitukatia hata kipande ya parseli yake, kiwanja tujenge nyumba. Leo ndoa imesimama, parseli inauzwa, na yote ni juu ya moteri.

Siku ile tulikuwa Gatumba, mi na muzee, tumepakia magunia ya ndagala, dagaa ya kukauka. Mbele ya kuondoka tulinunua mazutu ya mapipa, mafuta ya moteri. Mazutu ile iko na muchanga, lazima kuichuja, na muzee haachiaki mutu kazi ile. Anaweka kitambaa kwenye mudomo ya tanki, kipande ya kitenge ya zamani ya bibi yake, ya maua ya njano, anamimina mwenyewe. Akiwa anamimina, rafiki yake akamuita. Wakasalimiana, wakacheka, muzee akarudi akafunga tanki. Kitambaa sikuiona tena mukononi mwake.

Nikapanda kwenye usukani. Nani anaweza kumuambia baba mukwe kwamba amesahau kitambaa ndani ya tanki? Kwetu baba mukwe hata kumuangalia machoni ni shida.

Katikati ya njia moteri ikaanza kupungukiwa nguvu, kama mutu amebanwa pumzi, ikazima. Haikugonga, haikutoa moshi. Tukangoja, nikapampu kwa mukono kutoa upepo kwenye mazutu, ikawaka vizuri. Mbele kidogo, ikazima tena. Roho ikaniambia: ile kitambaa inavutwa, inaziba tiyo, bomba ya mazutu, moteri ikizima inaachia. Mwisho kamio ingine ikatuvuta mpaka garaje ya hapa Bwiza.

Fundi wa pale, nitamuita Gaspari, ni kijana wa kifaransa mingi, nywele imepasuliwa na kichanuo. Akagonga hapa, akasikiliza pale, akasema: "Muzee, moteri imekufa. Pompi imekwisha, na ndani lazima kufungua yote, kuagiza vyuma Ulaya." Muzee akashika kichwa.

Nikamuvuta Gaspari pembeni. "Kaka, fungua kwanza tanki. Ikipumuzika inawaka."

Akageukia wenzake. "Sikieni shoferi! Moteri ni punda, ukiipumuzisha inaamuka! We kamata usukani, vyuma tuachie sisi."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Na muzee akaniambia, "Mwanangu, ndoa ingoje kamio. Siwezi kuoza mutoto na gari iko juu ya mawe. Ile kipande ya parseli nitaiuza, tulipe garaje."

Sasa ndugu zangu, kwetu gari yako ikiwa garaje, wewe mwenye gari unalisha fundi mpaka amalize. Kwa hiyo Domitila akaanza kupeleka chakula kila saa sita. Mi tangu nimujue ananiwekeaka bugali na ndagala, na nilikuwa nashukuru. Siku moja nikafunua sahani ya Gaspari pale jikoni. Mukeke nzima, samaki tamu ya bei, ya kukaanga, na kitunguu juu! Mi mukeke sijapewa hata siku ya kupeleka mahari. Halafu Domitila akaanza kupaka mafuta miguu mbele ya kwenda. Garaje! Mahali watu wanalala chini kwenye mafuta machafu!

Nikajikaza, nikamuambia muzee: "Baba, labda tuite fundi mwingine aangalie."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, hiyo ni wivu ya mukeke. Na mi nimeiona ile sahani."

 Kesho yake saa sita nikapita nyuma ya garaje, kwenye uzio ya matete. Kwenye kamba wanapoanika nguo za kazi nikaona kitambaa ya maua ya njano, imelowa mazutu, inakauka.  Basi Gaspari tanki alifungua! Nikiwa bado nashangaa, moteri ikawaka. Yetu. Sauti yake naijua kama kikohozi ya mama yangu, na ilikuwa safi, haikatiki.

Nikachungulia. Domitila alikuwa mbele, mahali pangu, mikono kwenye usukani. Gaspari amesimama mulangoni, mukono yake juu ya mukono wa Domitila, anamufundisha. Na Domitila anacheka, kicheko ambayo mi sijawahi kuisikia. Siku moja aliniomba mi nimufundishe. Nilikataa, nilimuogopa baba yake.

Mangaribi muzee akamuuliza Domitila mbele yangu, "Garaje wanasemaje?"

Akajibu bila kutikisika: "Bado imekufa, papa. Wanangojea pompi." Halafu akaniwekea bugali na ndagala.

Nilikula. Mungu anisamehe, nilikula yote, macho kwenye sahani.

Mwisho wa mwezi mununuzi anakuja kuona parseli. Nikisema nilichoona, muzee atasema ni wivu. Na ni kweli, wivu niko nayo, inanikula mpaka usingizi. Lakini moteri pia nimeisikia na masikio yangu. Akiniamini, atamufukuza mutoto wake kwa aibu, na mi nitakuwa nimemupoteza. Nikinyamaza, muzee anauza kiwanja yetu kulipa moteri nzima, na mi naoa mwanamuke anayejua kudanganya hivi bila kutikisika.

Na bado nampenda. Ninyi mulio na akili, nishaurini, nifanye nini? Maana kesho saa sita atabeba tena ile sahani, na mi nitakuwa pale kwenye matete.