Mara ya Tatu

Gitaa la shangazi yangu lilikomaa kwenye mnada. Sisemi mnada wa ng'ombe. Nasema ule wa Jumapili nje ya kanisa letu Nkoaranga, ibada ikiisha, ambapo vitu vilivyotolewa sadaka, mkungu wa ndizi mshare, kuku, trei ya mayai, hunadiwa kimoja kimoja. Kwaya huimba pembeni ili watu wasikimbilie nyumbani. Kwa kuwa hapakuwa na gitaa la besi, shangazi alipiga besi kwa dole gumba na wimbo kwa vidole vilivyobaki, kwenye gitaa la umeme la kwaya.

Dau likipanda, alichapua mwendo. Mnadishaji akisema mara ya kwanza, alibaki na nyuzi mbili. Mara ya pili, uzi mmoja. Ikifika ya tatu, kiganja kilifunga nyuzi zote, kimya, ukamsikia hata kuku. Kisha aliingia tena kwa kishindo na kwaya ikampongeza mnunuzi. Alinifundisha yote hayo nikiwa bado nasoma.

Mimi nikayahamishia mjini, Elerai, kwenye baa ambako bendi yetu hupiga Jumamosi mchana. Mwimbaji anahesabu moja, mbili, mimi nakata, watu wanaganda chupa mkononi, halafu tunawafungulia. Wakauita mtindo wangu. Sikuwasahihisha. Nilipenda kuitwa mwanzilishi, na anayesema yeye asingependa anadanganya.

Mtu akaturekodi kwa simu. Video ikatembea mpaka grupu la kwaya, na mzee mmoja wa kanisa, mtu makini kupita kiasi, akalinganisha. Akahitimisha kwamba shangazi yangu, mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye hajawahi kuingia baa hata kuomba maji, analeta muziki wa baa kanisani. Shangazi akaitwa mbele ya baraza la wazee.

Aliniomba niende naye. Huniita baba, kama mashangazi wanavyowaita watoto wa kaka zao. "Baba, wewe waambie tu nani alikufundisha. Basi."

Wiki hiyo hoteli moja ya mjini ilikuwa inamtafuta "yule jamaa wa kukata". Wazee waliponiuliza, nikasema muziki hauna mwenyewe, unatoka huku unaenda kule. Wakaitikia kwa vichwa. Nilijiona mwenye busara mpaka nilipofika mlangoni.

Wakaamua gitaa lirudi stoo, na yeye asimame mbele ya usharika atubu, ndipo arudishwe kundini.

"Nirudi kutoka wapi?" akauliza. "Mimi sijatoka."

Tangu siku hiyo anakaa kwenye mabenchi na akina mama wengine. Hajatubu, na gitaa hajalishika. Huu ni mwaka wa tatu.

Kabla ya masika ya mwaka huu usharika ulinialika mimi nipige kwenye mnada. Mimi, mtu wa baa. Hakuna aliyenitaka nirudi kundini. Vijana wa kwaya walitaka ule mtindo wa mjini, na wazee wakawa wameshauzoea. Nikapewa gitaa lile lile kutoka stoo. Niliona aibu, lakini nililipokea.

Shangazi alikuwa anagombea mkungu wa mshare. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nikakata. Watu wakapiga vigelegele, mkungu ukawa wake, na yeye akatikisa kichwa.

Nilimfuata.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Unakata mapema. Unakata hajamaliza kusema mara ya tatu. Subiri tatu yenyewe itoke mdomoni. Anayetaka kunyoosha mkono bado ana nafasi."

Nilimbebea mkungu kwenye kile kinjia cha mteremko mpaka kwake, na njiani nikamwambia nitakwenda kwa wazee kuwaeleza ukweli. Akasema, "Haya."

Masika yameisha, kahawa imeiva. Hotelini wameniongezea siku, na mwimbaji wetu anasema siku hizi mkato wangu umekuwa mtamu zaidi. Ni kweli, nasubiri tatu itoke mdomoni. Kwa wazee bado sijaenda.