Singlendi ya Pamba Chini ya Koti la Theluji

Koti la theluji halikupi joto. Hilo ndilo nililokuwa nikianza nalo kila nilipoletewa mgeni wa kazi, na ndilo yule kaka Mkenya wa Kinangop alilolichukia tangu siku ya kwanza. Koti linazuia upepo na maji, basi. Joto unalo wewe mwenyewe mwilini, na kazi ya nguo za ndani ni kulitunza huku zikiiacha ngozi ikiwa kavu. Nguo zikilowa jasho, joto lako lote linakwenda kukausha nguo, na wewe unabaki unatetemeka. Ukilielewa hilo, mengine ni mepesi, na wala huhitaji nguo za bei kubwa.

Hayo yalikuwa Dubai, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, kwenye ukumbi wa theluji ulio ndani ya jengo la maduka. Nje jua linachoma mpaka huwezi kushika kitasa cha gari. Ndani, nyuma ya kioo, kuna mteremko mweupe na baridi iliyo chini ya sifuri mwaka mzima. Sisi tulikuwa upande wa mabeseni ya plastiki, yale ambayo watu hukalia wakateleza nayo hadi chini. Tunawakalisha, tunawasukuma, halafu tunayavuta mabeseni kuyarudisha juu. Kampuni ilitupa koti, suruali ya juu, glavu na viatu. Kilichokuwa chini ya koti kilikuwa shauri yako.

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Baridi niliyoijua kabla ya hapo ilikuwa ya Lushoto, nilipokwenda msibani nikalala na blanketi la watu. Wiki yangu ya kwanza kwenye theluji nililia. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Kinepali, ambaye Kiingereza chake na changu havikukutana sana. Aliingiza kidole ndani ya ukosi wangu, akakitoa kimelowa, akaninyooshea mbele ya macho. Kisha akaishika singlendi yangu ya pamba akaivuta kama mtu anayevuta kitu kilichooza. Somo lote lilikuwa hilo. Baada yake nikawa mimi ndiye ninayewaeleza wageni, kwa sababu msimamizi wetu, Mfilipino tuliyemwita sir, aliona sichoki kurudia.

Yule kaka wa Kinangop alitoka kulinda maegesho ya magari, miaka mingi juani. Alikuwa mtu mzima, amenizidi umri kwa mbali. Sir alimweka kwangu kwa majaribio, na masharti yalikuwa wazi kwetu sote: akimudu kukaa kwenye theluji zamu nzima, nafasi ni yake. Akiwa mtu wa kutokatoka kwenda kujipasha moto, anarudishwa nje kusukuma troli za wateja kwenye yale yale maegesho, tena kiangazi. Alikuwa ameomba uhamisho huo muda mrefu. Hakutaka kuliona jua tena.

Asubuhi ya kwanza nilikaa naye kwenye basi nikaanza kumweleza. Aliniacha nifike mbali, kisha akasema kwa sauti ya basi zima, "Wewe umetoka Tanga. Baridi umeionea wapi? Kwa friji?"

Basi lilicheka, na mimi nikacheka. Nilidhani yatapita.

Hayakupita. Nataka kueleza alichokuwa akifanya, maana hakikuwa ujinga. Kwao Kinangop kuna asubuhi majani huamka na barafu. Mtu anaamka gizani kwenda kukamua, na anavaa vyote kabla ya kufungua mlango: singlendi, fulana, sweta, na sweta lingine juu yake. Jua likipanda anapunguza moja moja. Kwa Kinangop ni njia nzuri kabisa, wala nisingeigusa. Lakini sisi safari yetu ilikuwa imegeuzwa. Tulikuwa tunatoka kwenye joto kwenda kwenye baridi. Kempu yetu, makazi ya wafanyakazi, ilikuwa Dubai Investments Park, na basi la kampuni lilikuwa na kiyoyozi kilichowahudumia watu wa viti vya mbele tu. Yeye alipanda akiwa amekwisha kuvaa, kama anavyotoka nyumbani kwao, akakaa nyuma. Akishuka, uso unang'aa jasho. Anatupia koti juu, anaingia kwenye theluji, na muda si muda meno yanagongana.

Sasa angalia kosa linavyojilisha. Leo amesikia baridi, kesho anaongeza sweta. Sweta linaongeza jasho ndani ya basi, jasho linaongeza baridi ukumbini, keshokutwa anaongeza lingine. Alikuwa anavimba kila siku, na kila siku anatetemeka zaidi.

Nilimwambia avae kama sisi. Panda basi na kaptura na kandambili, nguo zako ziwe kwenye mfuko wa plastiki, ukavalie kule kwenye chumba cha kubadilishia. Karibu na ngozi weka jezi ya mpira wa miguu, zile za bei rahisi za madukani Deira, zenye kitambaa chepesi kisichonywa maji. Jezi inalitoa jasho nje, haikai nalo. Juu yake sweta moja jepesi lenye manyoyamanyoya, ambalo hewa inajificha ndani yake. Halafu koti. Ukiwa unavuta mabeseni fungua zipu, ukisimama ifunge. Soksi pea moja, usivae mbili, maana mbili zinabana mguu ndani ya kiatu na vidole vinakufa ganzi. Na chini ya suruali, taiti.

Kwenye taiti alinikatiza.

"Mwanamume mzima avae taiti? Peleka hiyo kwa bwana yako."

"Sina bwana, kaka."

"Haishangazi."

Wakenya wenzake wawili waliokuwa zamu yetu waliangua kicheko. Wao wenyewe walikuwa na taiti chini ya suruali, lakini hakuna aliyefungua mdomo kusema.

Kutoka hapo ikawa vita. Nikimsogelea, anaanza kuhesabu kwa sauti maneno yangu. Kule kempu alitangaza kwamba mimi ni masikio ya sir. Kwamba Watanzania ni maneno mingi, kazi kidogo. Tukivuta beseni pamoja, analiachia ghafla upande wake ili uzito wote uniangukie, kisha anasema pole bila kunitazama. Dada wa Uganda aliyekuwa nasi alinisihi nimwache agande mwenyewe, mtu mzima haachishwi ziwa. Lakini mimi sikuumbwa hivyo. Mtu asipoelewa, huwa naona nimeeleza vibaya, kwa hiyo ninaanza upya, taratibu zaidi, kwa sauti laini zaidi. Nilianza upya kila asubuhi. Na kila asubuhi alinichukia zaidi ya jana.

Mwisho wa yote ulikuja kwa mashine ya kukaushia mikono. Alikuwa amezoea kutoroka kwenda chooni, anabonyeza ile mashine ya hewa moto, anaipanulia ukosi wa sweta hewa iingie kifuani. Siku hiyo sir alimkuta pale, ameinama kama mtu anayenawa. Akamrudisha ukumbini hadi kwenye kituo chetu, akaniita, akamuuliza mbele yangu kama nilimfundisha namna ya kuvaa.

Akasema sikumfundisha kitu. Akasema huwa naongea tu.

Sikujitetea, maana kama ningesema nilimfundisha, palepale ningekuwa nimemsukuma nje. Sir akamtazama juu hadi chini, akasema labda hana nguo za kutosha. Hilo ndilo lililomchoma. Yeye, mtu wa Kinangop, aambiwe hana nguo. Akafungua koti akalitupa kwenye theluji. Akavua sweta la kwanza, akavua la pili, la tatu, anamwonyesha sir moja moja, anasema kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu katika ukumbi ule aliyevaa kumzidi.

Alipobaki na singlendi, mgongo wake ukaanza kufuka moshi.

Sitii chumvi. Jasho la moto likikutana na hewa ile hutoa mvuke, na yeye alikuwa amelowa tangu shingoni hadi kiunoni. Ulipanda juu ya mabega yake kama wa sufuria ya mahindi iliyofunuliwa. Mtoto mmoja wa wateja akapiga kelele akimwita mama yake aje aone. Watu wakatoa simu. Wale wenzake wawili waligeuka wakatazama ukuta, mabega yakitikisika. Yeye mwenyewe hakuona kitu mpaka alipogeuza kichwa, akauona mvuke unatoka kwenye mkono wake mwenyewe. Akasimama akiutazama.

Sir hakucheka. Alimwambia avae. Kisha akasema kesho asimame juu ya mteremko kuanzia kufungua hadi chakula cha mchana bila kutoka hata mara moja. Akitoka, aende moja kwa moja kwenye troli. Khalas, imekwisha.

Tulibaki wawili. Alikuwa anahangaika na sweta, mikono imekufa ganzi, haioni tundu la kichwa. Nilimshikia koti. Na kwa kuwa sina akili nyingine, nikaanza tena. Nikamwambia, kaka, umeuona ule mvuke, sasa yale ndiyo maji niliyokuwa nakueleza.

"Nyamaza," akasema. "Unaniongelesha kama mtoto wa nasari. Kila siku, na hiyo sauti yako tamu. Mimi nina binti rika yako. Ungenitukana ningekusikia. Hiyo sauti ndiyo siwezi."

Nikamtazama. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa bado nalisikia lile neno kwamba huwa naongea tu.

"Basi sikia," nikamwambia. "Wewe ni mzee mkaidi na unanuka jasho. Kesho ukija na hiyo singlendi utasukuma troli mpaka ufe, na mimi nitapita na basi nikikutazama."

Nililisukuma koti kifuani kwake nikaenda kwenye mabeseni. 

Asubuhi iliyofuata alipanda basi na kaptura. Nilikuwa sijawahi kuiona miguu yake. Mkononi mfuko wa plastiki umefungwa fundo. Hakumsalimia mtu, akaketi nyuma palepale kwenye joto, na watu wa zamu yetu wakatazama madirishani kwa adabu ambayo sikuitegemea kwao.

Sikumfuata. Ilinigharimu sana kutomfuata, maana nilitaka kumuuliza kama jezi aliyoipata haina pamba, kama soksi ni pea moja, kama amekumbuka mambo ya zipu. Alipotoka chumba cha kubadilishia alikuwa amepungua nusu. Ukosi wa njano ulichungulia juu ya zipu, wa jezi ya timu nisiyoijua. Kama chini ya suruali kulikuwa na taiti au hakuna, sikujua siku hiyo na sijui mpaka leo.

Akapanda juu. Mimi nilikuwa chini napokea mabeseni, na kila nilipoinua kichwa nilimtafuta. Alisimama. Ulikuja msafara wa shule, watoto wengi, kila mmoja anataka kusukumwa kwa nguvu, na nikamwona akifungua zipu kabla ya kuanza kuvuta. Walipoondoka akaifunga. Kisha kukawa na kipindi kirefu bila wateja, na hicho ndicho kinachowashinda wengi, kwa sababu mwili uliokuwa na kazi unasimama ghafla na jasho lililobaki linapoa. Alipigapiga miguu chini. Akaingiza mikono kwapani. Mara moja alitazama mlango wa kutokea, akautazama muda mrefu, nami nikajikuta nimeshika beseni kwa mikono yote miwili kama mtu anayesali. Akaugeuzia mgongo.

Saa ya chakula ilipofika sir alipanda kwa ngazi akamfuata kule juu. Waliongea kidogo. Nilimwona sir akimpiga bega, nikajua amepata.

Nilitegemea nini? Labda neno moja. Alishuka akanipita nilipo, na alipofika usawa wangu akasema, bila kupunguza mwendo, "Usidhani ni wewe."

"Sidhani," nikamwambia. Nilikuwa nadhani.

Mchana ule ule alikwenda ofisini, na kitu cha kwanza alichokiomba kama mfanyakazi wa theluji aliyethibitishwa kilikuwa kuwekwa zamu ambayo mimi simo. Sir aliniita akaniuliza kuna nini kati yetu, kama kuna jambo la kuandika. Nikasema hakuna la kuandika. Akaniuliza kama nina pingamizi, maana zamu nyingine ilikuwa na pengo na alihitaji mtu wa kutegemewa.

Nikamwambia huyo ni wa kutegemewa. Anajua kuvaa. Ampe zamu anayotaka, na kama inawezekana, ampe kuanzia kesho.