Rangi ya Pera

Mpima damu hakuwa mtu wa maneno. Kila asubuhi alimtoa Tunu damu kidogo, akarudi chumbani kwake, mkabala na wodi. Mlango ukiwa wazi, Tunu alimwona akidondosha dawa kwenye kichupa, kisha akikiinua dirishani, jicho moja kalifumba, akilinganisha na vichupa alivyovipanga kuanzia cheupe hadi chekundu kama nyama ya pera. Damu iliyoshiba vidonge walivyopewa wagonjwa ilikolea rangi. Vidole vyake vilikwishakwajuka kwa dawa hiyo, na baada ya kila kichupa alivifuta kwenye aproni, hata vikiwa vikavu.

Siku hiyo alifuta, akatazama, akafuta tena. Akaja na kikombe cha maji.

“Bibie, kichupa chako kimebaki cheupe pe. Vidonge unavyojifanya kumeza vinakwenda wapi?”

Tunu akafungua pindo la kanga. Vya asubuhi vilikuwa humo.

“Nampelekea mwanangu, nyumbani Mtoni, kwa mkono wa wanaokuja kunitazama. Kichomi kimemlaza kama mie, na baba yake hataki aletwe.”

Kwa mara ya kwanza mpima damu akamtazama usoni.

“Vimeze, nikuone. Mtoto nitamfuata mwenyewe.”

Wiki iliyofuata aliinua vichupa viwili kwa pamoja, akavigeuzia wodini ili mama aone. Vyote vilikuwa vimeiva.