Daftari la Dawa za Ng'ombe

Juzi msomi mmoja alisema redioni kwamba maktaba za kale zilipoungua elimu haikupotea, kwani nakala zilikuwapo kwingine. Nikazima redio.

Nilipokuwa mtoto, dhahabu ilipogunduliwa kijijini kwetu, mama aliuza maandazi machimboni, nami nilichana karatasi za kufungia kutoka daftari la babu. Humo alikuwa ameandika dawa zote za ng'ombe, mti kwa mti. Karatasi zilinukia mafuta na moshi. Niliamini wachimbaji wangesoma kabla ya kula, dawa zifike mbali.

Babu, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, alipopapasa jalada tupu hakunipiga. Aliniuliza tu, "Bhoke, walisoma?"

"Walifutia mikono, babu."

Mwaka huu ng'ombe wangu wamekufa kando ya vichaka vilevile alimochuma babu dawa zake. Dawa imo humo. Sijui ni mti upi.