Mama Gitaa na Kopo la Nta

Mtaa mzima ulimwita Mama Gitaa, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala wa jina lolote. Jina lilitokana na chumba alichoshinda ndani yake, chumba cha mbele katika jengo la baba mkwe wake, ambako mumewe aliunda magitaa kwa mikono yake na yeye akamsaidia tangu walipooana. Alianza kwa kufagia maranda. Kisha akashikishwa msasa, kisha randa, mpaka ikafika wakati mume hana haya kumwambia mteja kwamba shingo ya gitaa lile kachonga mke wangu, mimi nimefunga nyuzi tu.

Mume akaugua ghafla, akafa. Nyuma yake zilibaki zana ukutani, mbao zilizokauka vizuri chini ya meza, na gitaa moja lililoachwa nusu: mbavu zimeshapindwa, ubao wa uso umeshakatwa, lakini hakuna kilichobandikwa. Aliyeliagiza alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hoteli, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alipokuja kutoa pole, Mama Gitaa alitaka kumrudishia pesa alizotanguliza, naye akakataa katakata.

"Malizia wewe, shemeji," alimwambia. "Mimi sina haraka."

Maneno hayo yalimshikilia siku nyingi. Kila alipoamka na kuona kitanda ni kipana mno, alijikumbusha kwamba kuna mtu anamsubiri, tena anamsubiri kwa upole, basi akanawa uso akaenda kufungua karakana.

Chumba cha pili cha jengo lile, ukuta kwa ukuta na karakana, kilikuwa saluni ya wifi yake, dada wa marehemu. Huwezi kusema walikuwa na ugomvi. Ilikuwa baridi tu. Baada ya msiba, wifi alishauri zana ziuzwe kwa wanaojua kuzitumia, ukuta uvunjwe, saluni ipate nafasi. Mama Gitaa akajibu kwamba anayejua kuzitumia yupo, amekaa mbele yake. Tangu hapo ikawa ni "Umeamkaje, wifi?" na "Salama, wifi," kila mmoja ameinamia kufuli lake, basi.

Sasa kazi iliyobaki kwenye gitaa lile ilikuwa kazi ya gundi, na mpiga gitaa aliagiza gundi ya ngozi. Hiyo huja ikiwa chembe kavu za rangi ya asali, zinazopatikana kwa kuchemsha ngozi za ng'ombe. Unaziloweka kwenye maji baridi mpaka zivimbe na kulainika, kisha unazipasha moto taratibu ziyeyuke. Kwenye kupasha huko ndiko fundi anakotoka jasho. Ikipoa kidogo tu inaganda kama jeli kabla hujakaza vibano vya kushikilia mbao. Ikichemka inakufa, inashika leo, baadaye inaachia. Inataka joto la katikati, lile ambalo kidole unakichovya na kukichomoa upesi, na inataka joto hilo likae hapo hapo muda wote unaofanya kazi. Gundi nyeupe ya chupa ingemwondolea adha yote hiyo, na alikuwa nayo rafuni. Lakini marehemu alimfundisha kwamba ya ngozi hukauka ikawa ngumu kama kioo na haimezi mlio, na siku gitaa likihitaji kufunguliwa, maji ya moto na subira vinatosha kulifungua bila kuvunja ubao.

Chombo cha umeme cha kupashia gundi kilikuwepo, tena kizuri. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, chombo kikatoa moshi mwembamba na kunyamaza. Fundi redio wa mtaa wa pili alikifungua, akakitazama kama daktari anayetafuta namna ya kutoa habari, akakifunga. Hakumtoza kitu. Kipya kilipatikana kwa kuagiza nje, na bei yake Mama Gitaa aliisikia mara moja, hakuuliza tena.

Akaanza kubuni. Kwanza jiko la mkaa: sufuria ya maji, ndani yake chupa ya jemu yenye gundi. Mkaa nao una hasira zake. Ukiupepea unapanda, ukiuacha unasinzia, na mtu mmoja hawezi kupepea jiko huku amekamata vibano. Akajaribu chupa ya chai yenye mdomo mpana, akaijaza maji ya moto na kuzamisha humo kichupa cha gundi. Hii ilimpa moyo, maana gundi ilikaa sawa kwa muda wa kubandika kijiti kimoja cha kuimarisha uso kwa ndani. Cha pili kikawa cha kubahatisha, akakibandua. Mwishowe akageuza pasi tumbo juu, akaibana katikati ya matofali na kuweka kikombe cha bati juu yake. Pasi ikawaka na kuzima kwa matakwa yake. Gundi ikaungua chini na kuganda juu.

Harufu ya gundi iliyoungua haina adabu. Ilipita chini ya mlango, ikazunguka barazani, ikaingia saluni na kukaa kwenye kiti kama mteja.

Wifi akatokea mlangoni na kitana mkononi. Alisimama pale pale kwenye kizingiti.

"Wifi, wateja wananiuliza kama humu tunachoma kwato."

Mama Gitaa akaomba radhi. Alikuwa amechoka, macho yamejaa moshi na kingine zaidi ya moshi, na hakuwa na nguvu ya kujitetea. Wifi aliyatazama matofali, pasi iliyolala chali, chupa ya chai, jiko lililojaa majivu. Ilionekana wazi kwamba alikuja na maneno mengi, ila mengine aliyameza.

"Hicho kitu chako kinataka nini hasa?" akauliza.

"Kinataka joto lisilopanda wala kushuka. Kikipoa kinaganda, kikichemka kinaharibika."

Wifi akashusha kitana. "Mbona hiyo ni nta yangu mimi."

Akaeleza akiwa bado kwenye kizingiti. Saluni alikuwa na chombo cha kuyeyushia nta ya kuondolea vinywele mwilini. Ni kitu kidogo cha plastiki kama sufuria ya mtoto ya kuchezea; ndani yake linaingia kopo, na kwa mbele kina kitufe cha kuzungusha. Nta ikizidi moto inamuunguza mteja, ikipungua inamgandia mwilini, kwa hiyo chombo chenyewe kinajiwasha na kujizima ili joto likae mahali pamoja. Si kitu cha gharama, vinauzwa mjini kila duka la vipodozi. Akamwambia aje na gundi yake aipashie asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Ila chombo chake hakitoki saluni.

Mama Gitaa angekubali hata kama angeambiwa apashie akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Kesho yake alichukua kopo tupu la nta, akaliosha, akatia gundi iliyolowekwa na kipimajoto cha jikoni alichokipata kwenye meza ya mitumba. Wakazungusha kitufe kidogo kidogo, wanasubiri, wanasoma, wanarudisha nyuma. Kwa nta kitufe kilikaa karibu na mwisho; kwa gundi kilitakiwa chini zaidi. Walipopata mahali penyewe, wifi akachukua rangi ya kucha nyekundu akaweka nukta pale. Gundi ilikuwa nyembamba, inang'aa, inadondoka kutoka kwenye brashi kwa uzi mmoja usiokatika. Mama Gitaa aliitazama hadi akasahau kushukuru, akarudi kutoka mlangoni kuja kushukuru.

Ikawa ndiyo kazi ya asubuhi. Alilifunga kopo la moto kwenye taulo, akakimbia nalo barazani kutoka mlango mmoja hadi mwingine, anapaka, anabana, anarudi mbio kulipasha tena. Muuza magazeti wa pale mbele alimuuliza kama amejiunga na riadha. Lakini vijiti vya ndani vilishika vyote, kimoja baada ya kingine, na akivigonga kwa kucha vilijibu kama ubao mmoja.

Ikafika siku ya kubandika uso kwenye mbavu. Hiyo ni gundi nyingi kwa mpigo mmoja. Aliliacha kopo likipata moto saluni, akaenda kupanga vibano vyake vyote mezani ili asije akatafuta kimoja wakati gundi inaganda. Wifi naye siku hiyo alikuwa amesahau miwani nyumbani. Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mcheshi aliyekuja kuondolewa vinywele vya miguu. Wifi akachota kwenye kopo lililokuwa kwenye chombo, rangi ni ile ile ya asali, akampaka, akabandika kitambaa, akavuta. Kitambaa kikaja na jeli. Vinywele vikabaki. Akaona nta imelegea. Akapaka tena, safari hii nzito, akawasha feni ili ishike vizuri.

Hapo Mama Gitaa alimwona wifi akiingia karakana. Hakusimama kwenye kizingiti. Aliingia moja kwa moja mpaka mezani.

"Wifi, gundi yako ikishashika inatokaje?"

"Imeshika nini?"

"Mguu wa mtu."

Mama Gitaa alibeba beseni la maji ya moto kiasi na taulo safi, akaenda kupiga magoti mbele ya mwalimu, ambaye kwa utulivu kabisa alikuwa akieleza kwamba mguu unambana kama soksi ya mtoto. Akamfungia taulo lililochovywa maji ya moto, akamwomba avumilie kidogo. Uzuri wa gundi ya ngozi ndio huo, haina kiburi mbele ya maji ya moto. Baada ya muda ilianza kulainika, ikateleza, ikatoka yote. Mwalimu akanyoosha mguu kwenye mwanga, akaukagua. Ulikuwa laini, unang'aa, na vinywele vyake vyote vipo pale pale, vimelala.

"Sasa mmenipiga vanishi mkasahau kunipiga randa," akasema.

Wifi akacheka. Alianza kwa kujizuia, kisha akashindwa, akashika ukuta. Mama Gitaa, bado amepiga magoti, akaacha kukamua taulo. Kicheko kile alikijua. Kinaanza na pumzi ya ndani, kinakwama, halafu kinafunguka chote kwa mara moja. Mumewe alicheka hivyo hivyo. Miaka yote hakuwahi kugundua kwamba ni kicheko cha watu wawili, na mmoja wao bado yu hai, tena yuko ukuta wa pili. Akajikuta naye anacheka na machozi yanamtoka, na hakuna aliyemuuliza ni machozi ya nini.

Mwalimu alipokwisha kuhudumiwa sawasawa, bure, na kuondoka, wifi alichomoa chombo kwenye umeme, akakibeba na waya wake unaning'inia, akakiweka juu ya meza ya karakana.

"Kaa nacho. Usinipakie wateja gundi tena."

"Aliyempaka ni wewe."

"Ndiyo maana nasema kaa nacho. Mimi nitanunua kingine."

Hakuondoka. Alileta na kikaushia nywele, akauliza kama kitafaa kitu. Kumbe kinafaa sana, maana ubao ukiwa baridi unanyonya joto la gundi kabla hujabana. Basi wifi akashika kikaushia, akapitisha hewa ya moto ukingoni mwa mbavu polepole kama anayekausha nywele za bibi harusi, na Mama Gitaa akafuata nyuma na brashi. Wakalaza uso wa gitaa juu ya mbavu. Wifi alimpa vibano kimoja kimoja, bila kuambiwa mara mbili. Mikono iliyozoea nta inajua kuwahi.

Walipokaza cha mwisho, wifi alitazama kuta zile na zana zake. Alisimulia kwamba kaka yake alikuwa akimfukuza humu tangu wadogo, kwamba anagusagusa. Kisha akasema, huku anazungushia waya kwenye kikaushia:

"Nilitaka ukuta uvunjwe kwa sababu nikikaa kule nilikuwa nasikia kimya cha huku. Sasa nasikia randa. Inatosha."

Mama Gitaa alimshika mkono, gundi kwa gundi, mikono ikanata kidogo, wakalazimika kuiachanisha kwa maji.

Gitaa lilimalizika. Mpiga gitaa alikuja mchana, akalikalisha pajani, akakaza nyuzi na kupiga taratibu, sikio karibu na ubao. Halafu alipiga kwa muda mrefu, na upande wa pili wa ukuta kikaushia nywele kikazimwa. Alipomaliza alisema tu kwamba bwana yule alimwachia kazi mtu mwenye mkono. Baada ya hapo alilipiga kila wikiendi hotelini, na aliyemuuliza gitaa lile limetoka wapi alielekezwa mtaa na mlango. Wengine walikuja na magitaa yaliyobanduka, wengine wakaagiza mapya. Mama Gitaa aliyapokea yote, na kila alipowasha chombo chake cha nta alijua ni watu wangapi wamemshikilia asianguke. Alienda hata kwa fundi redio kumpelekea shukrani, naye akashangaa, maana hakutengeneza kitu.

Jumamosi moja, kazi imetulia, alipita saluni kurudisha taulo. Wifi akamtazama kichwani, kwenye kilemba kilichofungwa ovyo, akamuuliza mara ya mwisho kusukwa ilikuwa lini. Mama Gitaa akatafuta jibu. Lazima ilikuwa kabla ya msiba.

"Kaa hapo," wifi akasema.

"Una watu wanasubiri, wifi."

"Watasubiri."

Akakaa. Wifi akamfungua kilemba, akamchana taratibu kuanzia nchani. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakasogea karibu kuongea, na mmoja wao akaenda kuweka maji ya chai.