Shimo la Baba Yake Argyris

Argyris Velentzas alilinda mawe ya ukumbi wa kale wa maigizo kijijini kwetu kwa miaka thelathini na saba, na muda wote huo silaha yake ilikuwa kipenga cha bati kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Mgeni akipanda ukutani apigwe picha, kipenga. Mbuzi wa Menios wakiingia kula majani katikati ya viti vya mawe, kipenga, mara mbili. Ijumaa Kuu moja padri alipopitisha msafara karibu mno na ngazi za kale, Argyris alikipeleka mdomoni, kisha akakumbuka kwamba aliyebebwa kwenye lile jeneza la maua ni Kristo mwenyewe, akakishusha na kupiga ishara ya msalaba.

Mimi nilikuwa nauza tiketi kwenye kibanda cha lango tangu mwaka 1983. Siku ambazo wageni walikuwa wachache niliandika kwenye daftari hali ya hewa, idadi ya watu walioingia, na maneno ya Argyris. Haya nayatoa humo.

Mahali alipopalinda kuliko pote palikuwa katikati ya ule uwanja wa duara, chini ya viti. Hapo pana jiwe la mviringo lililolala sawa na ardhi, na katikati ya jiwe pana shimo la upana wa shubiri moja, kina chake kama mkono mpaka kiwiko. Kibao kilisema: Hapa ilisimama madhabahu ya mungu Dioniso. Argyris aliwaambia wageni maneno hayohayo, kwa sauti ileile, kisha akawaomba warudi nyuma hatua tatu.

Tarehe kumi na nne Oktoba, 1998, mvua ikinyesha na wageni wakiwa wawili tu tangu asubuhi, aliingia kibandani, akakung'uta kofia, akakaa juu ya boksi la vitabu vya maelezo. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu.

"Loukia, wewe unajua kutunza maneno?"

"Mjomba, nimetunza hata majina ya mbuzi wa Menios."

"Basi tunza na hili. Lile shimo ni la baba."

"Baba yupi?"

"Nina mababa wangapi? Fotis. Alilitoboa yeye, mwaka arobaini na sita. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nalimwagia tindo maji."

Nilidhani ananitania, maana alikuwa mtu wa utani. Lakini alikuwa akiitazama barua iliyofika asubuhi ile, ambayo mimi ndiye niliyeifungua. Ilisema kwamba majira ya kuchipua italetwa madhabahu mpya ya marumaru, iliyochongwa kwa mfano wa zile za kale, isimamishwe juu ya lile shimo na kukazwa kwa saruji. Mkuu wa mkoa angekuja kukata utepe.

"Wakishamwaga saruji," alisema, "baba yangu atakuwa hakupata kuishi."

Enzi za Fotis pale hapakuwa na kibao wala lango. Palikuwa uwanja wa kupuria ngano wa akina Velentzas, na vile viti vilikuwa kilima chenye mizeituni juu yake. Hata leo wazee wa hapa hawasemi Julai, wanasema mwezi wa kupura. Miganda ilitandazwa, nguzo ikasimamishwa katikati, nyumbu wakafungwa kwenye nguzo kwa kamba ndefu. Walizunguka wakikanyaga, kamba ikijiviringisha kwenye nguzo, duara likipungua mpaka pua zao zikaigusa. Hapo waligeuzwa, wakazunguka upande wa pili, kamba ikafunguka. Jioni upepo ukitoka mlimani, wanawake walipepeta. Argyris alisema makapi yalimeta hewani, na kwamba yeye na dada zake walilala palepale juu ya ngano mpya, mama yao akiimba ili wasimwogope bundi.

Mwaka ule wa arobaini na sita walikuwa na nyumbu jike wa kuazima aitwaye Kanela. Adhuhuri moja Kanela aling'oa nguzo nzima akaondoka nayo, miganda ikimfuata, mpaka mtoni. Fotis alimtukana yeye, mama yake na mwenye kumzaa mama yake. Kisha akafukua pale nguzo ilipokuwa, akakuta jiwe la mviringo, akalitoboa kwa jioni tatu. Kanela hakuing'oa tena.

"Na yule profesa aliyefukua viti, alipokuja?" nilimuuliza.

"Alikuja mwaka sitini na moja na kofia ya majani na kamba za kupimia. Walichimba wiki sita, viti vikatoka. Siku moja akafagia lile jiwe, akaliona shimo. Loukia, yule mtu alipiga magoti. Alivua kofia. Alilia! Mimi na baba tumesimama pale, tumeshika sururu zetu. Nikafungua mdomo, baba akanikanyaga mguu. Njiani kurudi nyumbani akaniambia: mwanangu, msomi amevua kofia mbele ya shimo langu. Mimi ni nani nimwambie aivae?"

Palikuwa na hofu pia. Siku zile mtu wa bonde la jirani alifikishwa mahakamani kwa kuvunja sanamu ya marumaru ili aichome iwe chokaa, na Fotis hakujua kutoboa kunapishana vipi na kuvunja. Serikali ilichukua uwanja, ikawapa shamba jingine kando ya mto, na mwaka uliofuata profesa akampatia Argyris kazi ya ulinzi. Kipenga kilikuja na kazi. Fotis hakuingia tena pale mpaka alipokufa. Kila mwezi wa kupura alibeba kiti chake akakaa nje ya uzio, kwenye kivuli cha mlozi, akitazama ndani.

Sasa Argyris alikuwa amebanwa pande mbili. Akisema, baba yake angeitwa mharibifu wa mali ya mababu, na kijiji kingempoteza Dioniso. Akinyamaza, mikono ya baba yake ingezikwa chini ya marumaru ya mtu mwingine.

Nami nilijua Dioniso alikuwa nani kwetu. Kabla yake, watu wa Melissi, kijiji cha ng'ambo, walituita walaji wa bizari, kwa sababu wakati wa njaa ya vita hatukuwa na chakula kingine ila majani yake. Baada ya profesa tukawa watu wenye mungu. Menios alibandika jina la Dioniso juu ya mlango wa mkahawa wake. Watu walianza kuwabatiza watoto majina ya mashujaa wa kale, padri akinung'unika na kuongeza jina la mtakatifu palepale kwenye beseni. Kila mwezi wa Mei wanafunzi wanaomaliza shule waliweka shada la matawi ya mzeituni juu ya shimo. Mimi niliweka langu mwaka 1966. Viatu vilikuwa vya binamu yangu, vilinibana, na mwalimu wetu Theoni alitusomea majina ya washairi waliokufa kama mtu anayewaita jamaa zake waje mezani. Niliamini kabisa kwamba walikuwa jamaa zetu.

Mwezi Machi alifika mwanaakiolojia aliyetumwa kusimamia kazi, Bi Ersi, msichana mwembamba mwenye buti zenye matope na sauti ya upole. Argyris alimpenda mara moja, na hilo likamzidishia ugumu. Nimeandika siku tatu alizomwendea ili aseme. Ya kwanza alimpelekea machungwa. Ya pili alimweleza habari za mbuzi. Ya tatu alisema, "Bi Ersi, lile shimo..." naye akajibu, "Zuri, eh? Nililiona kwenye kitabu nikiwa chuoni." Argyris akarudi kibandani, akasema mvua itanyesha. Haikunyesha.

Tarehe ishirini Aprili mafundi walileta marumaru juu ya gari, wakaanza kukoroga saruji. Argyris alivua kipenga, akaniwekea mezani, akatoka langoni. Nilidhani ameenda kwake ili asione. Baada ya nusu saa nilimwona akipanda njia na gogo begani.

Ilikuwa nguzo ya mwaloni, nyeusi, iliyochakaa katikati pale kamba ilipokuwa ikijiviringisha. Ilikuwa imekaa kwenye banda lake la zana miaka thelathini na minane.

Alishuka nayo mpaka katikati ya uwanja. Mafundi walisimama. Bi Ersi alisema, "Mjomba, tafadhali, hapo hapakanyagwi," maneno aliyoyasikia kila siku kwa Argyris mwenyewe. Argyris aliinua nguzo, akaishusha ndani ya shimo. Ilitoa mlio mmoja mfupi, ikatulia. Aliisukuma kwa bega, haikucheza.

"Baba yangu ndiye aliyetoboa," alisema. "Kwa sababu ya nyumbu."

Nilikuwa nimekimbia mpaka pale, kibanda nikikiacha wazi, jambo ambalo sikupata kulifanya kabla wala baada. Bi Ersi alizunguka nguzo mara mbili. Akapiga magoti, nikadhani naye atalia, lakini alikuwa akichungulia kuta za shimo kwa kurunzi ndogo.

"Tindo la chuma cha siku hizi," alisema taratibu. "Alama hizi hapa. Hakuna aliyewahi kuangalia." Kisha akainua uso. "Mjomba, unajua kutoboa jiwe la kale ni kosa la jinai?"

"Najua, binti yangu. Mshitakiwa yuko makaburini, safu ya tatu, karibu na bomba. Nenda kamkamate."

Mmoja wa mafundi alicheka, akajizuia, akacheka tena. Bi Ersi pia alicheka. Kisha akakaa chini juu ya jiwe, akatoa daftari, akauliza: nyumbu walikuwa wangapi? Kamba ilikuwa ya nini? Walianza kuzunguka upande upi? Nani alipepeta?

Kwa miaka thelathini na saba watu walikuwa wamemuuliza Argyris kuhusu Dioniso, urefu wa viti, na choo kiko wapi. Hakuna aliyemuuliza kamba ilikuwa ya nini. Alijibu akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mbele ya hakimu, kisha akaketi, kisha akawa anaonyesha kwa mikono. Kamba ilikuwa ya manyoya ya mbuzi, mama yake aliisuka. Alipofika kwenye habari ya bundi alijifanya anatafuta kipenga, nacho kilikuwa kwangu. Walizungumza mpaka kengele ya adhuhuri. Saruji iliganda kwenye toroli.

Jioni ile mkahawani habari zilikuwa zimemtangulia.

"Argyris!" Menios alipaza sauti kabla hajakaa. "Yaani umeniacha niandike Dioniso mlangoni, kumbe ni shimo la nyumbu?"

"Andika Kanela," sauti ikatoka pembeni. "Na kahawa yako ina ladha yake."

Watu walicheka, lakini si wote. Mwalimu Theoni, mzee sasa, aligonga fimbo yake chini.

"Wacheni kucheka. Watu wa Melissi watatusema mpaka Pasaka ya mwakani. Tulikuwa na kitu kimoja tu, Argyris. Kimoja! Kwa miaka ishirini na nane nimewapeleka pale watoto kuweka mashada. Nitawaambia nini?"

Argyris alikunywa maji yake kwanza.

"Viti vipo, Mwalimu. Wanakaa watu elfu tatu, na vile baba yangu hakuvichonga. Lakini mkate wako wa utotoni ulitoka wapi? Baba yako alileta miganda yake pale kila mwaka. Nakumbuka punda wenu, alikuwa na sikio moja. Dioniso hakukulisha hata siku moja."

Mwalimu Theoni aliilaza fimbo yake magotini. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, si kwa Argyris hasa, "Sikio la kushoto ndilo lilibaki." Akaomba kahawa. Menios alimletea, na ya Argyris akaiweka mezani kwa kishindo, ikamwagika kwenye kisahani, lakini aliiweka.

Wengine hawakumsamehe haraka. Binamu yake mmoja hakumsalimia mpaka Krismasi. Mkuu wa mkoa alikuja akakata utepe langoni, na marumaru mpya ikasimamishwa mbele ya ofisi ya kijiji, ambako hutegemezwa baiskeli. Kibao kipya kiliwekwa mwezi Juni, wiki ya mwisho ya Argyris kazini. Kinaeleza ukumbi, karne yake na idadi ya viti, na chini kabisa kinasema: Uwanja huu ulitumiwa na familia ya Velentzas kupuria ngano hadi 1961. Shimo la katikati lilitobolewa na Fotis Velentzas, 1946. Argyris alikisoma akiwa amevaa miwani, akavua miwani, akakisoma tena. Akasema rangi ingekuwa nyeusi zaidi ingedumu.

Watoto wa shule bado huweka shada kila Mei. Hakuna aliyewaambia waache, wala waendelee.

Kipenga nimekirithi mimi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kupura, mwaka uliofuata, Argyris alikuja langoni amevaa shati jeupe, akadai tiketi kama mgeni. Nilimpa. Alishuka polepole, akazunguka duara upande mmoja, akasimama, akazunguka upande wa pili, kila mara duara likipungua, mpaka akafika juu ya jiwe na kukanyaga ukingo wa shimo. Wageni walikuwa wakitazama. Mimi nilikuwa nimesimama ngazini, kipenga mkononi, nikitazama pembeni.

"Loukia!" aliita kutoka chini, na ukumbi ule unavyobeba sauti, nilimsikia kama yuko begani pangu. "Umelala? Piga!"

Nikapiga. Akarudi nyuma hatua tatu.